Kutoka Heathrow hadi Nairobi, Kituo kwa Kituo

Kati ya uwanja wa ndege wa Heathrow, ulio magharibi mwa London, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kuna takriban kilomita 6,840, na ndege inayoruka moja kwa moja huhitaji saa nane na nusu hivi kuumaliza mwendo huo. Tarakimu hizo mbili huandikwa pamoja kana kwamba moja humzaa mwenzake, ilhali asili zake ni mbalimbali: umbali hutokana na umbo la dunia, ambalo halijabadilika tangu lilipopimwa mara ya kwanza, na muda hutokana na mambo ya watu, yaani injini walizobuni, mipaka waliyoweka, vita walivyoanzisha na mikataba waliyotia saini. Masimulizi haya yanamfuata msafiri mmoja aliyeiacha ndege ya moja kwa moja, akashuka kituo kwa kituo karibu na njia waliyoifuata abiria wa miaka ya 1930, kwa nia ya kuwaonyesha wengine nchi ambazo leo hupitwa usiku, mapazia ya madirisha yakiwa yameshushwa na abiria wamelala.

London

Safari ilianzia Croydon, kusini mwa London, kwa sababu huko ndiko njia ya Afrika ilikochipuka kabla Heathrow haijawa uwanja wa ndege. Jengo la abiria la Croydon, lililofunguliwa mwaka 1928, bado limesimama kando ya barabara kuu, na ingawa uwanja wenyewe ulifungwa mwaka 1959, ukumbi wa kukatia tiketi wenye kuba la kioo na mnara wa kuongozea ndege vingalipo. Kutoka hapo, tarehe 28 Februari 1931, ndege ya shirika la Imperial Airways iliondoka na barua za kwenda Mwanza, na hiyo ikawa huduma ya kwanza ya ratiba kati ya Uingereza na Afrika Mashariki. Barua hizo hazikubebwa na chombo kimoja: ndege ya nchi kavu ilizifikisha Ugiriki, ndege ya kutua majini ikazivusha Bahari ya Mediterania hadi Alexandria, reli ikazipeleka Cairo, ndege nyingine ikafuata mto Naili hadi Khartoum, na kutoka huko ndege ya majini ikazichukua tena hadi Ziwa Victoria, ambako maji yalikuwa kiwanja kilichokwisha kutengenezwa na maumbile. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town kwa ratiba ya siku 11.

Kabla ya kuondoka London, inafaa kueleza jinsi umbali wa angani unavyopimwa. Kilomita zile 6,840 hufuata kile ambacho wanajiografia hukiita duara kuu, yaani duara lolote juu ya uso wa dunia ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia yenyewe. Uzi ukivutwa kwa nguvu juu ya chungwa kutoka nukta moja hadi nyingine, hujilaza wenyewe juu ya duara hilo, na ndiyo maana njia fupi kuliko zote kati ya viwanja viwili huonekana imepinda inapochorwa kwenye ramani bapa ya ukutani. Marubani, kwa upande wao, hawahesabu kwa kilomita bali kwa maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852 na ambayo ilitokana na dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Kwa hiyo rubani anaposoma umbali huwa anasoma kipande cha mzingo wa dunia.

Muda nao una kanuni zake. Ratiba huhesabu muda wa lango kwa lango, yaani tangu magurudumu yanapoanza kusogea kutoka kwenye jengo la abiria hadi yanaposimama kwenye jengo jingine. Ndege ya kisasa, ikiwa kwenye kimo cha kilomita 11 au 12, huenda karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo mwendo mtupu wa London hadi Nairobi ungekuwa wa saa saba na nusu na dakika chache, na ziada iliyobaki huliwa na foleni ya kuruka, kupanda, kushuka na kuzunguka. Upepo nao una sehemu yake, kwa kuwa katika anga la juu huvuma mkondo-kasi, yaani ukanda mwembamba wa upepo wenye nguvu unaotoka magharibi kwenda mashariki. Mkondo huo humfaidi sana anayetoka New York kwenda London na kumchelewesha anayerudi, lakini njia ya kutoka kaskazini kwenda kusini huukata badala ya kuufuata, na ndiyo sababu mwendo wa kwenda na wa kurudi kati ya London na Nairobi haupishani sana.

Cairo

Kutoka Heathrow hadi Cairo ni kilomita 3,530 hivi, na ndege ya mchana huzimaliza kwa muda usiofika saa tano. Asubuhi ilikuwa angavu, na baada ya mashamba ya Ufaransa milima ya Alps ilijitokeza ikiwa na theluji kileleni, kisha ikafuata Bahari ya Adria na visiwa vya Ugiriki. Abiria wa mwaka 1931 hawakuiona Italia kutoka juu, kwa kuwa serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeziwekea ndege za Uingereza vikwazo, na kwa miaka kadhaa waliokata tiketi za ndege walilazimika kupanda treni kutoka Paris hadi Brindisi, kisigino cha Italia, ndipo wapande ndege ya majini. Jangwa lilipoonekana, lilionekana ghafla: Delta ya Naili ni pembetatu ya kijani iliyokolea, na ukingo wake umekatwa wima kiasi kwamba mtu anaweza kusimama mguu mmoja kwenye shamba la berseem, majani ya kulishia mifugo, na mwingine kwenye mchanga.

Mji wenyewe ulitembelewa kuanzia alfajiri, saa ambayo wauzaji wa ful huwa wamekwisha kuegesha mikokoteni yao pembeni mwa njia. Ful ni maharage mapana yaliyochemshwa usiku kucha, kwa moto mdogo, ndani ya chungu kikubwa cha shaba chenye tumbo pana na shingo nyembamba, na kwa sababu ya shingo hiyo muuzaji hutumia upawa wenye mpini mrefu uliosimama wima, akiuzamisha hadi chini na kuupandisha bila kumwaga tone. Maharage humiminwa kwenye bakuli la bati, yakapondwa kwa mgongo wa kijiko, yakatiwa mafuta, ndimu, bizari ya pilau na chumvi, na mlaji husimama hapo hapo, akayachota kwa mkate wa ngano unaoitwa aish. Mchana chakula cha wengi ni koshari, mchanganyiko wa wali, dengu, makaroni na njegere unaomwagiwa mchuzi wa nyanya wenye siki na kufunikwa kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vikavu.

Kati ya yote ambayo Cairo inayo, lililomshika msafiri kwa muda mrefu zaidi si piramidi bali kisima cha mawe kilichopo ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda, katikati ya mto. Hicho ndicho kipimo cha Naili, kilichojengwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil wa Samarra, nacho ni shimo lenye ngazi zinazoshuka kuzunguka nguzo moja ya marumaru yenye pande nane, iliyochongwa alama za dhiraa. Maji ya mto yaliingizwa humo kwa mifereji, na kimo chake kwenye nguzo kiliwaambia watawala kama mwaka ungekuwa wa njaa, wa neema au wa gharika, na kwa hesabu hiyo kodi ya mavuno ilikadiriwa. Mifereji imezibwa na kisima sasa ni kikavu, lakini alama zinasomeka, na ukuta wa juu umezungushiwa aya za Kurani kwa maandishi ya Kikufi.

Aswan

Aswan iko kusini zaidi, penye maporomoko ya kwanza ya Naili, ambapo mto hupita kati ya majabali ya mawe meusi na meupe yaliyolainishwa na maji. Anayeandika habari za umbali hawezi kuupita mji huu kwa haraka, kwa kuwa hesabu ya mzingo wa dunia, ambayo bila hiyo hakuna duara kuu wala maili ya baharini, ilitegemea mahali hapa. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alijua kwamba siku ya jua la kiangazi kufika kileleni, saa sita mchana, jua lilimulika hadi chini ya kisima huko Syene, jina la kale la Aswan, wakati huohuo mti uliosimikwa wima Alexandria ulikuwa na kivuli. Pembe ya kivuli hicho ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara zima, na kwa kuwa umbali kati ya miji hiyo miwili ulikadiriwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha Wayunani cha mita mia moja na hamsini na ushei, alizidisha kwa 50 akapata mzingo wa dunia nzima. Miji hiyo haiko kwenye longitudo moja, na Aswan iko juu kidogo ya Tropiki ya Kansa, mstari ambao jua haliuvuki kwenda kaskazini, hata hivyo jibu lake lilikaribia ukweli kwa namna inayostahili heshima hadi leo, kwa mtu ambaye chombo chake kilikuwa kivuli.

Jioni msafiri alivuka kwa mashua ya tanga hadi kisiwa cha Elephantine, chenye vijiji vya Wanubi, watu ambao nyumba zao za udongo hupakwa rangi ya samawati na manjano na kuchorwa mamba na ngamia mlangoni. Mgeni hukaribishwa kwa karkade, kinywaji chekundu cha maua yaliyokaushwa ambayo Tanzania huitwa rozela au choya, kikinywewa baridi wakati wa joto na moto wakati wa usiku wa Desemba. Wenyeji huzungumza habari za kusini kwa sauti ya watu waliopoteza kitu, na walikipoteza kweli: Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilizaa ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 500 ambalo lilifunika vijiji vya Wanubi, likawahamisha makumi ya maelfu ya watu nchini Misri na Sudan, na kuuzamisha mji wa kale wa Wadi Halfa. Wadi Halfa ilikuwa mojawapo ya vituo vya Imperial Airways, mahali pa kutia mafuta. Mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande na kupandishwa juu ya maji kati ya mwaka 1964 na 1968, kwa msaada wa dunia nzima ulioratibiwa na UNESCO. Misikiti, makaburi na mitende ya Wanubi haikupata msaada wa kiasi hicho, na msafiri huyu anaamini kwamba kila anayeyasifu mahekalu hayo anapaswa kuelezwa pia habari ya mitende.

Anga la Sudan

Kituo kilichofuata katika njia ya zamani kilikuwa Khartoum, mji ambao Naili ya Buluu inayotoka Ethiopia na Naili Nyeupe inayotoka maziwa makuu hukutana na kutiririka sambamba kabla rangi zake hazijachanganyika. Baada ya hapo ndege zilifuata Naili Nyeupe hadi Malakal, zikapita juu ya Sudd, kinamasi kikubwa cha mafunjo ambacho kwa karne nyingi kiliwazuia waliotaka kupanda mto kwa mashua, kisha zikatua Butiaba kwenye Ziwa Albert. Ziliruka mchana tu, zikiwa chini kiasi kwamba abiria waliona makundi ya tembo, kwa kuwa rubani aliongozwa na macho yake na mto ulikuwa ndio ramani.

Msafiri hakuweza kushuka Khartoum. Tangu tarehe 15 Aprili 2023, vita kati ya jeshi la Sudan na kikosi cha wanamgambo cha RSF vilipozuka, na uwanja wa ndege wa mji huo ukawa miongoni mwa sehemu za kwanza kushambuliwa, anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za kiraia, na hata baada ya sehemu ya mashariki kufunguliwa upya mashirika mengi yameendelea kulikwepa. Ndege kutoka Cairo ilipita mashariki, juu ya Bahari ya Shamu, na kwenye skrini ya kiti alama ya ndege ilionekana ikiambaa pwani huku Sudan yote ikiwa upande wa kulia. Ndege za London hadi Nairobi nazo huizunguka nchi hiyo, baadhi kwa upande wa bahari na baadhi kwa upande wa Chad na Afrika ya Kati, hivyo zile kilomita 6,840 zinazotajwa ni umbali wa kwenye ramani, na kilomita zinazorukwa hasa ni nyingi zaidi. Kila abiria anayekaa dakika kadhaa za ziada angani analipa sehemu ndogo sana ya gharama ya vita ambayo Wasudani, mamilioni yao wakiwa wamekimbia makwao, wanailipa kwa maisha.

Addis Ababa

Kutoka Cairo hadi Addis Ababa ni karibu kilomita 2,470 kwa mstari wa moja kwa moja, na njia hii ina heshima yake katika historia, kwa kuwa ndiyo iliyorukwa na ndege ya kwanza ya ratiba ya Ethiopian Airlines tarehe 8 Aprili 1946, kwa kupitia Asmara. Uwanja wa Bole uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho hubadilisha hesabu za ndege: hewa ya huko ni nyembamba, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinulia na injini hupata oksijeni pungufu, hivyo ndege iliyojaa mafuta huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kuinuka, na mara nyingine hulazimika kupunguza mzigo. Mwili wa binadamu huihisi hali hiyo pia, na mgeni aliyetoka Cairo, mji ulio karibu na usawa wa bahari, hupanda ngazi za hoteli akipumua kwa shida.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, sawa na Jumatano, hufunga nyama, maziwa na mayai, na kwa sababu hiyo meza ilipambwa kwa vyakula vya mfungo ambavyo kwa maoni ya msafiri vinashinda vile vya siku za kawaida. Injera, mkate mpana, laini na mchachu wa unga wa teff, nafaka ndogo kuliko ulezi, hutandazwa kwenye sinia na juu yake kuwekwa mafungu ya shiro, uji mzito wa njegere zilizosagwa na viungo, dengu nyekundu zenye berbere, kabichi na mboga za majani, na walaji wote humega sinia moja kwa mkono wa kulia. Kisha ilifuata kahawa. Mwenye nyumba alitandaza nyasi mbichi sakafuni, akafukiza ubani, akaosha buni na kuzikaanga kwenye bamba juu ya jiko la makaa hadi zikatoa moshi, akampitishia kila mgeni moshi huo ili auvute kwa kiganja, akazitwanga, akazichemsha katika jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, na kumimina kwa kuinua birika juu bila kumwaga pembeni. Duru ni tatu, nazo huitwa abol, tona na baraka, na kuondoka kabla ya ile ya tatu ni kumvunjia heshima aliyekukaribisha, jambo linalomaanisha kwamba kahawa moja ya Addis huchukua muda unaotosha kuruka hadi Nairobi.

Hapa ndipo msafiri wa Afrika Mashariki, baada ya London na Cairo, hukuta saa inayohesabiwa kama ya kwao. Waethiopia huanza kuhesabu siku mapambazuko, hivyo wakati ambao tiketi huuandika 07:00 wao huuita saa moja, sawasawa na wanavyofanya Waswahili, na miadi ya saa nne asubuhi ina maana ileile Addis, Tanga na Bukoba. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu ya latitudo: karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, ilhali London, iliyo kwenye nyuzi 51 na nusu kaskazini, mchana wa Juni una zaidi ya saa 16 na wa Desemba haufiki saa nane, na saa iliyofungwa kwenye mapambazuko isingeweza kutumika. Kalenda ya Ethiopia nayo ni ya pekee, ikiwa na miezi 12 ya siku 30 na mwezi wa 13 wa siku tano au sita, na mwaka wake mpya huanza tarehe 11 Septemba, au tarehe 12 baadhi ya miaka, ukiwa nyuma ya ule wa Ulaya kwa miaka saba au minane.

Addis Ababa ndipo pia makao makuu ya Umoja wa Afrika, na habari za muda wa safari za bara hili haziwezi kutenganishwa na maamuzi ya huko. Kwa miongo mingi mtu aliyetaka kwenda kutoka mji mkuu mmoja wa Afrika hadi mwingine mara nyingi alipitia Paris au London, kwa kuwa haki za kuruka, yaani ruhusa ambayo serikali moja huipa ndege ya nchi nyingine kuchukua abiria katika ardhi yake, zilitolewa kwa shingo upande. Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999 uliahidi kuzifungua anga, na Januari 2018 Soko Moja la Usafiri wa Anga la Afrika likazinduliwa Addis Ababa, lakini utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na nchi inayoifungia ndege ya jirani hurefusha safari za raia wake yenyewe.

Entebbe na Jinja

Kilomita 1,220 na saa mbili kutoka Addis, ndege ilizunguka juu ya Ziwa Victoria na kutua kwenye rasi ya Entebbe, kilomita chache tu kaskazini mwa ikweta. Uwanja huu ulikuwa kituo cha ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti kuingia katika huduma ya ratiba, yaani Comet ya shirika la BOAC, iliyoondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg kwa kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kuumaliza mwendo huo kwa muda usiofika saa 24. Watu wa rika la baadaye huikumbuka Entebbe kwa tukio la Julai 1976, makomando wa Israeli walipookoa mateka usiku. Jengo la zamani lililoshuhudia mapambano hayo liko upande wa pili wa uwanja, mbali na jengo la sasa.

Asubuhi iliyofuata, kando ya barabara, kijana alikuwa akitengeneza rolex, chakula ambacho Uganda imekifanya chake. Alivunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akatia kitunguu, nyanya na kabichi zilizokatwa nyembamba, akakoroga kwa uma, akamimina juu ya kikaango bapa cha chuma kilichopakwa mafuta, na kabla mayai hayajakauka akayabandikia chapati, akageuza, akaviringisha vyote pamoja na kuvifunga kwa karatasi. Kazi yote haikuzidi muda wa kuhesabu chenji.

Barabara ya kwenda mashariki huvuka Naili mjini Jinja, hapo mto unapotoka ziwani. Mwingereza John Hanning Speke alifika mwaka 1862 na kutangaza kwamba amelipata chimbuko, ingawa Wasoga na Waganda waliokuwa wakivua hapo hawakuwa wamelipoteza, na maporomoko aliyoyaona yalizamishwa na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Wenye mashua wa Jinja huwaambia wageni kwamba maji yanayotoka hapa huchukua miezi mitatu kufika Bahari ya Mediterania. Kwa mtu aliyeuona mto huohuo Roda na Aswan, kauli hiyo ina uzito, kwa maana inatoa kipimo cha tatu cha mwendo kati ya ncha mbili za njia: ndege kwa saa, Imperial Airways kwa siku, maji kwa miezi.

Kisumu

Kisumu, iliyo upande wa Kenya kwenye Ghuba ya Winam, ilikuwa mwisho wa Reli ya Uganda, iliyofika hapo mwaka 1901 wakati bandari ikiitwa Port Florence, na miaka 30 baadaye ikawa kituo cha ndege za Imperial Airways, zikiwemo zile za majini zilizotua kwenye ghuba. Msafiri alishinda Dunga, ufuo wa wavuvi kusini mwa mji, ambako mitumbwi yenye rangi na majina ubavuni ilikuwa ikirudi, na kina mama wakianika omena, dagaa wa ziwa hili, juu ya nyavu zilizotandazwa juani. Samaki wa kuliwa mchana huchaguliwa na mlaji mwenyewe: ngege mzima hupasuliwa mistari ubavuni, hutiwa chumvi, hukaangwa hadi mapezi yakawa makavu, kisha hupikwa kidogo katika mchuzi wa nyanya na vitunguu, na huletwa na ugali, sukuma wiki na kachumbari, baada ya mhudumu kupita na birika la maji ya moto na beseni ili watu wanawe. Shida ya ghuba ni magugu maji, mmea wenye maua ya zambarau uliotoka Amerika ya Kusini, ambao upepo ukigeuka huifunga bandari kwa siku kadhaa na kuwanyima wavuvi njia.

Nairobi

Mwendo wa mwisho, wa kilomita 280 hivi na chini ya saa moja, ni mfupi kuliko yote na kwa uzuri unaipita karibu yote, mradi tu uruke asubuhi na kukaa dirisha la kushoto. Mashamba ya chai ya Kericho hupita yakiwa yamenyolewa sawasawa, kisha msitu wa Mau, kisha ardhi huvunjika na kuporomoka kuingia Bonde la Ufa, na Ziwa Naivasha hung'aa nyuma ya mlima Longonot, ambao kreta yake ni duara kamili lenye msitu ndani. Ng'ambo ya bonde ukuta huinuka tena, ikafuata milima ya Ngong, na ndege ikashuka kando ya mbuga ambamo twiga huonekana na majengo ya jiji nyuma yao.

Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, nao ulijengwa kwa jasho la wafungwa waliozuiliwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, jambo ambalo abiria wachache hulijua, ingawa kumbukumbu ya wafungwa hao ingestahili kuandikwa mahali ambapo kila anayewasili angeiona. Vituo vya safari hii vikiunganishwa kwa mistari minyoofu hufika takriban kilomita 7,750, zaidi ya 900 kuliko njia ya moja kwa moja, na abiria waliotoka Heathrow asubuhi hiyohiyo wangefika jioni, wakisogeza saa zao mbele kwa saa tatu wakati wa baridi ya Ulaya na kwa saa mbili wakati wa kiangazi. Nairobi nayo sasa ni mwanzo wa njia ndefu zaidi: tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways huruka hadi New York bila kutua, mwendo unaokaribia kilomita 11,850, na ratiba yake huupa karibu saa 15 za kwenda na 14 za kurudi, kwa kuwa anayerudi Nairobi husukumwa kwa saa kadhaa na ule mkondo-kasi unaovuma juu ya Atlantiki.